Kuganda kwa miguu kwa mwenye Parkinson ni nini hasa?

Watu wengi wakisikia Parkinson, huu ugonjwa wa ubongo, wanafikiria mikono kutetemeka, basi. Lakini ukikaa nyumba moja na mgonjwa utajua balaa kubwa liko miguuni. Kuganda maana yake mtu anatembea vizuri tu, halafu ghafla nyayo zinanata chini kama zimetiwa gundi, na kiwiliwili bado kinaenda mbele. Hapo ndipo anapoanguka.

Ami yangu anaishi Mji wa Kale, Mombasa, na nyumba za huku mwazijua, milango myembamba, kizingiti kimeinuka. Alikuwa akifika mlangoni tu anasimama kimya, sisi nyuma yake tunamwambia ami twende basi, mwengine anamvuta mkono, kumbe ndio tunamwangusha maana ukimvuta kifua kinakuja na miguu inabaki. Siku moja mtu wa fizio, yaani wa tiba ya mazoezi ya viungo, akatuonyesha, akaweka mguu wake mbele ya mguu wa ami akamwambia "mzee, vuka mguu wangu", na ami akauvuka akaenda zake. Nilitokwa na machozi wallahi.

Iko hivi. Ubongoni kuna seli zinazotengeneza dopamini, na dopamini ndiyo inayofanya mwendo ujiendee wenyewe bila wewe kuufikiria. Kwa Parkinson seli hizo zinakufa kidogo kidogo, kwa hivyo kila hatua inataka kuamriwa. Ndio maana anaganda pale pale kila siku: mlangoni, akigeuka, akianza tu kuondoka kwenye kiti, akiharakishwa, akiongeleshwa huku kabeba kikombe cha chai, ama kwenye msukumano kama ule wa feri Likoni. Sio ukaidi, na si jini, hilo nalisema kwa sababu tumeambiwa sana na tukapoteza muda. Lakini akipata kitu cha kuvuka kwa macho, au mapigo ya kufuata kwa masikio, mara nyingi njia inafunguka. Sisi tumebandika selotepu ya njano sakafuni, mistari kama ya ngazi, kuanzia chumbani mpaka mlango wa choo. Akiganda hatumgusi, tunamwacha asimame wima, avute pumzi, ahamishe uzito mguu huu na huu, halafu ahesabu moja mbili tatu aondoke na hatua kubwa.

Kugeuka nako kuna namna yake, azunguke kwa duara kubwa kama basi linavyokata kona, asijizungushe papo hapo juu ya kisigino. Busati lililojikunja ncha toa, ndara za plastiki toa, chooni tia chuma cha kushikia kilichochimbiwa ukutani na fundi, sio kile cha taulo kinang'oka. Na asubuhi akae kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama, maana ugonjwa wenyewe na dawa zake pia vinaweza kuishusha presha mtu akiinuka ghafla, kizunguzungu hicho.

Dawa sasa. Wengi wanatumia levodopa, ambayo ubongoni inageuka kuwa dopamini, na wengi wanaganda zaidi dawa ikianza kuisha mwilini. Andika saa aliyokunywa na saa aliyoganda, siku saba tu zinatosha kuanzia, halafu mpelekee daktari hiyo karatasi. Usiongeze wala kupunguza mwenyewe, na Ramadhani ikikaribia zungumza na daktari mapema kuhusu saa za kunywa dawa.

La mwisho ndilo gumu kwetu. Ukishaogopa kuanguka kwake unataka kumfanyia kila kitu, umlishe, umvishe, umkalishe, na mtu akikaa tu misuli inalegea na anaanguka zaidi. Ami alasiri anaenda msikitini mwenyewe, ni nyumba nne tu. Kijana wangu anamfuata hatua kadhaa nyuma hasemi kitu, na ami akifika kwenye kizingiti anasimama, anasema bismillahi kwa sauti, anainua goti, anapita.