Bidhaa haiji kwetu kutangazwa tu

Nimeambiwa tena wiki hii, safari hii na mhandisi ninayemheshimu sana: "Sisi tukimaliza kuijenga, ninyi mnaitangaza." Hakuwa na dharau hata kidogo. Angekuwa na dharau ningempuuza. Kwa kuwa alisema kwa nia njema, najua ndivyo anavyoamini kweli, na mipango yake ya miezi ijayo ameijenga juu ya imani hiyo.

Kampuni kubwa ya teknolojia ina timu ya matangazo, yenye watu wake na bajeti yake, na kazi yao naithamini. Mimi ni meneja masoko wa bidhaa. Ninachotakiwa kujibu ni hiki: bidhaa hii ni ya nani hasa, mtu huyo anatumia nini leo, na kwa nini akiache? Maswali haya yasipojibiwa mapema, timu ya matangazo haina cha kusema, hata ipewe fedha kiasi gani.

Kila ninapoeleza hivi, kuna mtu atanitajia iPod, kile kicheza muziki cha Apple. Apple iliitangaza Oktoba 2001 kwa ahadi ya nyimbo 1,000 mfukoni mwako, na mfano huo hufundishwa kila mahali kama somo la kauli mbiu: usitaje GB, taja raha ya mteja. Somo hilo limeachwa nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo kazi yangu. Mwaka mmoja kabla yake, kampuni ya Creative ilikuwa tayari inauza kicheza muziki chake, Nomad Jukebox, chenye GB 6, wakati iPod ya kwanza ilikuwa na GB 5. Kwa hiyo kwenye jedwali la sifa, mstari wa nafasi ya kuhifadhi, Apple ilikuwa nyuma. Lakini Nomad ilitumia diski ya inchi 2.5, ya aina inayowekwa kwenye kompyuta za mkononi, na umbo lake lilikaribia kicheza CD cha kubebeka. iPod ilitumia diski ya Toshiba ya inchi 1.8. Neno "mfukoni" lilikuwa kweli kwa sababu ya diski ile. Creative wangeweza kuajiri mwandishi bora kuliko wote duniani na bado asingeweza kuliandika neno hilo bila kudanganya.

Ndiyo maana inaniuma ninapoitwa wiki tatu kabla ya uzinduzi nikaulizwa, "Tuseme nini?" Kufikia hapo, tunachoweza kusema kimeshaamuliwa na watu waliochagua vipuri, walioamua ni hatua ngapi za kujisajili, waliokubali au kukataa kuunganisha bidhaa na mifumo ambayo mteja anayo tayari. Wote hao wamefanya kazi ya masoko bila kuambiwa kwamba ndiyo wanayoifanya.

Wala usitoke hapa ukidhani takwimu ni mbaya. Gmail ilizinduliwa tarehe 1 Aprili 2004 na kilichozungumzwa kilikuwa namba: GB 1 ya nafasi, wakati Hotmail ilikuwa ikitoa MB 2. Namba ile ilifanya kazi kwa sababu kila mwenye sanduku la barua pepe alishawahi kulikuta limejaa na kulazimika kufuta. Msingi wa kulinganisha alikuwa nao tayari kichwani. Alipoisikia GB 5 ya kifaa cha muziki hakuwa nao, hivyo ikabidi ahesabiwe kwa nyimbo. Kinachoamua ni kile ambacho mteja ataiweka bidhaa yako kando yake anapoipima. Usipomchagulia cha kulinganisha atajichagulia mwenyewe, na mara nyingi atachagua kitu kinachokufanya uonekane ghali au mgumu.

Google Wave, huduma ya mawasiliano ya mtandaoni, iliangukia hapo, kwa maoni yangu. Ilionyeshwa Mei 2009, ikiwa imejengwa na wahandisi hodari, na Agosti 2010 Google ikatangaza kusitisha uendelezaji wake. Ilikuwa barua pepe, ilikuwa gumzo, ilikuwa waraka wa kuandika pamoja. Mtu aliyeifungua hakujua aache nini ili aitumie hii. Tangazo lisingeokoa hali hiyo.

Amazon wana utaratibu unaojulikana wa kuandika kwanza taarifa kwa vyombo vya habari, kana kwamba bidhaa imeshatoka, pamoja na maswali ya wateja na majibu yake, kabla ya kujenga chochote. Watu huuona kama zoezi la uandishi. Mimi nauona kama chekeche: aya ya kwanza ikigoma kuandikika, tatizo liko kwenye wazo, na kulitupa wakati huo hakugharimu kitu.

Sehemu nyingine za kazi nizitaje upesi. Bei na vifurushi: tunapendekeza, wengine wanaamua. Timu ya mauzo: tunaiandalia majibu mafupi ya hoja za washindani, kwa sababu muuzaji aliye mbele ya mteja hana muda wa kusoma kurasa arobaini. Mawakili: ukiandika "bora zaidi" watataka ushahidi, na wana haki. Na si kila kipengele kipya kinastahili uzinduzi. Vingi vinastahili sentensi moja kwenye taarifa ya toleo.

Katika haya yote hakuna anayeripoti kwangu, si wahandisi, si wabunifu, si wauzaji. Nina wajibu wa matokeo bila mamlaka ya kuamrisha. Mara nyingi silaha pekee ninayoingia nayo kikaoni ni rekodi ya mteja akieleza kwa maneno yake mwenyewe kwa nini aliacha kutumia bidhaa.

Hata hivyo, yako mambo ambayo vitabu huyaandika kwa uhakika nisiokuwa nao. Mauzo yakipanda baada ya uzinduzi, sijui kwa yakini ni kiasi gani kimetokana na kazi yetu. Huenda mshindani alipandisha bei, au wauzaji walitoa punguzo. Maneno ya ukurasa mmoja wa tovuti tunaweza kuyajaribu kwa makundi mawili ya wasomaji. Nafasi nzima ya bidhaa sokoni haijaribiki hivyo, kwa sababu watu huongea na soko halikubali kusikia hadithi mbili za kitu kimoja. Wale wateja wa kubuni ambao watu wa masoko huwachora kuwakilisha wanunuzi, wenye jina, picha na umri wa miaka 34, nao nawatilia shaka. Naamini zaidi alichofanya mteja halisi mwezi uliopita kuliko anachosema atafanya, hasa akizungumzia fedha.

Hata wakati sahihi wa kuniita sina kanuni yake. Nikiingia wakati bado ni wazo tupu, wateja ninaowahoji hukubali kila kitu kwa adabu, maana hawana cha kukataa. Nikiingia bidhaa ikiwa imekamilika, nimechelewa. Kinachonifaa ni sampuli mbovu inayofanya jambo moja, ambayo mteja anaweza kuishika, kukwama nayo na kulalamika mbele yangu, huku orodha ya vipengele ikiwa bado inaweza kukatwa.