"Nilikuwa natania tu" si kinga

Wengi nchini Kenya huamini kuwa tusi la kikabila si kosa mradi msemaji hakukusudia ubaya. Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya 2008, iliyozaliwa na ghasia za uchaguzi, haisemi hivyo. Kwa kifungu cha 13, anayetoa maneno ya matusi hunaswa akikusudia kuchochea chuki ya kikabila, au ikiwa mazingira yote yanaonyesha chuki ingeelekea kuchochewa. Hapo nia haiulizwi.

Kwa hiyo muktadha, ambao watu huukimbilia kujitetea, ndio unaoweza kuwafunga. Madoadoa ya chui hayamuudhi mtu. Yataje jukwaani Bonde la Ufa, mbele ya waliofukuzwa mashambani wakiitwa “madoadoa”, yaani watu wa makabila yaliyoonekana ya wageni, uone kama kuna atakayecheka. Faini hufika shilingi milioni 1, kifungo miaka 3, au vyote viwili.