Chini ya theluji ya Kluane: panya, kirukanjia na jirani zao

Tarehe 3 Februari 1947, kipimajoto cha uwanja mdogo wa ndege wa Snag, katika eneo la Yukon kaskazini-magharibi mwa Kanada, kilishuka hadi nyuzi 63 za Selsiasi chini ya sifuri, na mpaka leo Kanada haijawahi kupima baridi kali kuliko hiyo. Simulizi za siku ile huwahusu watu waliokuwa kituoni. Mimi, kwa sababu ya kazi yangu, huwaza juu ya panya. Bila shaka siku hiyo hiyo, chini kidogo ya nyayo za watu hao, palikuwa na panya wenye uzito wa gramu ishirini na kitu, wasio na akiba ya maana ya mafuta mwilini, nao hawakuwa wamelala. Walikuwa wakipita gizani wakitafuta mbegu.

Milima ninayofanyia utafiti iko kusini mwa Snag, katika Hifadhi ya Taifa ya Kluane na safu zinazoizunguka. Ni nchi ya asili ya Watutchone wa Kusini, yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 22,000 ambazo sehemu yake kubwa ni miamba na barafu isiyoyeyuka, na ndani yake umesimama Mlima Logan wenye mita 5,959, mrefu kuliko yote nchini Kanada. Wageni huja kutazama dubu na kondoo weupe wa majabalini. Mimi nilijifunza kutega panya Morogoro, kwenye mashamba ya mahindi, kwa hiyo huku nako hupiga magoti na kutazama chini.

Nilipofika mara ya kwanza nilikuwa na dhana ambayo nadhani kila mtu wa nchi za joto huja nayo, kwamba theluji ndiyo adui na kwamba mnyama huwa salama zaidi inapokuwa kidogo. Ukweli ni kinyume chake, na asiyelielewa jambo hili hawezi kuuelewa mwenendo wa mnyama yeyote mdogo wa milima hii.

Theluji iliyotua bila kushindiliwa imejaa hewa, na hewa iliyotulia huzuia joto kupita, kama inavyofanya ndani ya blanketi la sufi. Ardhi nayo hubaki na joto ililoliweka wakati wa kiangazi. Theluji inapofikia kina cha sentimita 20 hivi, uso wa ardhi hutengwa na hewa ya juu, na hata usiku ambao mate hugonga chini yakiwa yameganda, pale chini vipimo vyetu huonyesha nyuzi chache tu chini ya sifuri. Zaidi ya hapo, tofauti hiyo ya joto kati ya chini na juu huufanya mvuke upande kutoka tabaka la chini la theluji na kuganda katika matabaka ya juu, na kule ulikotoka hubaki fuwele kubwa zilizolegea, mithili ya sukari guru iliyopondwa, ambazo panya huzipenya bila taabu. Wainupiati wa Alaska huliita tabaka hilo pukak, na wanasayansi waliliazima neno hilo kwa kuwa hawakuwa na jingine lililo bora. Ndani ya pukak kuna njia, vyoo, maghala na viota. Ni mji mzima usioonekana na mtu anayepita juu yake na viatu vya theluji.

Wakazi wakuu wa mji huo ni panya mgongo-mwekundu, wenye mkia mfupi na masikio yaliyozama ndani ya manyoya. Kwa mnyama asiye na mafuta, njia zao za kubana matumizi ni za kustaajabisha: mwili hupungua uzito majira ya baridi yanapokaribia, ili tumbo la kulisha liwe dogo, na wale ambao wakati wa kiangazi walikuwa wakifukuzana mipakani huanza kulala wakiwa wamebanana katika kiota kimoja cha nyasi. Kule Morogoro niliwazoea panya shamba, ambao wingi wao huamuliwa na mvua. Vuli ikiwa nzuri na ya mapema, mkulima ajiandae. Hapa swali la kwanza ambalo mtafiti huuliza mwezi wa Oktoba ni kama theluji imetua kabla ya baridi kali au baridi imetangulia.

Pamoja na panya yumo kirukanjia. Jina hilo mitaani limepewa maana nyingine isiyomhusu kabisa mnyama huyu, na utotoni wazee walinieleza kwamba akijaribu kuvuka njia ya watu hufa papo hapo. Sijui kama wazee waliwahi kumtega, lakini walikuwa wamegusa jambo la kweli: maisha yake yamening'inia kwenye uzi. Yeye si panya, ni mla wadudu, na mwili wake wa gramu nne au tano huunguza chakula kwa kasi kiasi kwamba saa chache bila kula humtosha kufa. Ndiyo maana mitego yetu ya kunasia wanyama wakiwa hai, tunayoiwekea pamba ya kulalia na shayiri kwa ajili ya panya, ni lazima iwe na funza wakavu pia na ikaguliwe mara kwa mara. Nimewahi kuchelewa kwa sababu ya mto uliofurika, nikakuta kirukanjia watatu wamekufa katika mstari mmoja wa mitego, na tangu siku hiyo sitegi ng'ambo ya mto wowote nisioweza kuuvuka nikiwa na uhakika.

Jinsi kirukanjia wa kaskazini wanavyoumudu msimu wenye wadudu wachache ilielezwa mwaka 1949 na mtaalamu wa Poland, August Dehnel, aliyepima mafuvu ya kirukanjia wa kule Ulaya akagundua kwamba kabla ya majira ya baridi fuvu husinyaa, na linapofika majira ya kuchipua hukua tena kwa kiasi. Ubongo nao hupungua pamoja na fuvu. Kiungo hicho hula nguvu nyingi kuliko ukubwa wake, na mnyama asiyeweza kulala wala kuweka mafuta amepata pa kupunguza gharama ambapo sisi wengine tusingethubutu hata kufikiria.

Juu ya mstari wa miti, kwenye malundo ya majabali yaliyoporomoka, anaishi mnyama ninayempenda kuliko wote, yaani pika mwenye kola. Jina lake halihusiani na jiko, ingawa kila ninapolitaja nyumbani lazima mtu acheke. Ukimwona kwa mara ya kwanza utaapa kuwa ni pimbi mdogo wa Mlima Kenya: mviringo, hana mkia unaoonekana, amekaa juu ya jiwe akipiga kelele kali ya kuonya. Lakini kufanana huko kumeletwa na kuishi mawemawe tu. Pimbi ni jamaa wa mbali wa tembo, ilhali pika ni wa ukoo wa sungura, naye ana uzito wa gramu 160 hivi.

Pika halali usingizi wa majira ya baridi, wala hashuki bondeni. Anachofanya ni kuvuna. Kuanzia Julai hukata majani na maua kwenye malisho yaliyo karibu na mawe, hubeba mafungu yaliyojaa mdomo hadi yanachomoza pande zote mbili kama sharubu, na kuyalundika chini ya jabali, ambako hukauka na kuwa chakula chake kwa miezi mingi. Hathubutu kwenda zaidi ya mita chache kutoka kwenye mawe, kwa kuwa tai na vicheche wanamngoja, na ndiyo sababu ukitazama malisho hayo kwa makini utaona nyasi zilizo jirani na majabali ni fupi kana kwamba zimefyekwa. Kazi hiyo ya kukausha majani hufanywa pia na panya mmoja wa milima hii, panya mwimbaji, aliyeitwa hivyo kwa mlio wake wa mtetemo.

Kuna pika walio mahali pagumu zaidi. Katikati ya uwanja wa barafu wa St. Elias, vilele vya miamba huchomoza kama visiwa baharini, na juu ya baadhi ya visiwa hivyo wapo pika. Mimea ya pale ni haba mno. Watafiti wamewaona wakikusanya ndege wadogo wa safari waliopeperushwa na dhoruba wakafia kwenye barafu, wakiwaweka katika ghala lao na kula ubongo wao. Mla nyasi, ndugu wa sungura! Nilipoisikia habari hiyo nilidhani nadanganywa.

Kindi wa ardhini wa Aktiki amechagua njia iliyo kinyume kabisa. Yeye hulala miezi saba au minane, na usingizi wake hauna mfano miongoni mwa mamalia. Mwaka 1989 Brian Barnes wa Chuo Kikuu cha Alaska Fairbanks alichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba joto la mwili wa kindi huyo aliyelala hushuka hadi nyuzi 2.9 chini ya sifuri, na damu haigandi. Maji huhitaji chembe ya kuanzia ili yageuke barafu, na mwili wa kindi huyu hubaki katika hali ambayo kuganda hakupati pa kuanzia. Kila baada ya wiki mbili au tatu hutetemeka mpaka mwili upate joto la kawaida, hukaa hivyo kwa muda usiofika siku nzima, kisha hupoa tena. Dume huwahi kuzinduka, lakini hatoki. Hubaki shimoni akila akiba aliyoificha tangu kiangazi, ili awe tayari kwa majike watakapoamka. Jike hana desturi ya kuweka akiba.

Kindi mwekundu wa misituni, anayefuatiliwa hapa na mradi ulioanza mwaka 1987, nitamtaja kwa jambo moja. Hutegemea koni za misprusi, miti ya jamii ya misonobari ambayo huzaa kwa wingi mwaka mmoja na kunyima kadhaa inayofuata. Mwaka 2006 watafiti walionyesha kwamba kindi hao huzaa watoto wengi zaidi katika mwaka wa koni nyingi kabla koni hizo hazijakomaa, yaani kabla ya chakula chenyewe kuwapo.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 idadi ya pika katika safu ya Ruby, iliyo mashariki mwa Ziwa Kluane, iliporomoka vibaya, na waliokuwa wakiwahesabu walihusisha anguko hilo na misimu ya baridi iliyokuwa na joto kuliko kawaida. Joto huyeyusha sehemu ya theluji, blanketi huwa jembamba, maji yaliyopenya huganda upya, kisha baridi ya kweli inaporudi hukuta mlango wazi. Mwaka 2011 kamati ya kitaifa inayotathmini spishi zilizo hatarini ilimweka pika huyu miongoni mwa wanaohitaji uangalizi maalumu.

Kazi yangu ya kila mwaka huanza Mei, theluji inapoondoka na ule mji wa chini kubaki wazi kwa siku chache. Nyasi huwa zimechorwa njia za panya, na viota vyao vya majira ya baridi, mabunda ya nyasi yenye ukubwa wa chungwa au nazi, hulala juu ya ardhi bila paa. Navihesabu, kisha nakifungua kila kimoja kwa kidole. Vingi vina nyasi tu. Vichache vimetandikwa manyoya laini mekundu, nami hujua kwamba kicheche aliingia kupitia njia zile zile, akamla mwenye nyumba, akatandika ngozi yake na kulala humo.