Koili ya Tesla uani kwako na redio ya jirani

Kijana anayejiundia nyumbani koili ya Tesla, yaani transfoma inayopandisha umeme hadi volti nyingi sana ukaruka hewani kama cheche, anajifunza umeme kwa vitendo, na hilo tunaliunga mkono. Ila ajue kwamba cheche ile ndefu inayopendeza machoni ni mtambo wa kurusha mawimbi ya redio, na mawimbi hayaishii kwenye ukuta wa ua.

Nikola Tesla alibuni koili hii mwaka 1891. Mitambo ya kwanza ya redio nayo ilitumia cheche. Titanic iliomba msaada mwaka 1912 kwa mtambo wa aina hiyo. Tatizo ni kwamba cheche haitulii kwenye masafa yake, yaani sehemu moja tu ya mawimbi ya redio. Koili inaweza kuwa imetengenezwa kwa kilohezi 200, lakini cheche zake zikavuruga bendi yote ya redio ya AM na kupanda hadi masafa mafupi (SW). Ndiyo sababu mkutano wa kimataifa wa redio wa Washington, mwaka 1927, ulianza kuiwekea mitambo ya cheche mipaka.

Jirani husikia mkoromo mzito unaofunika taarifa ya habari. Usiku kero huzidi, kwa kuwa ndipo watu hutafuta vituo vya AM vya mbali, ambavyo mawimbi yake hufika yakiwa dhaifu.

Wengi hukimbilia kuizungushia koili wavu wa waya ili kuzuia mawimbi. Wavu husaidia, mradi vipande vyake vimeunganishwa vizuri, mlango ukifungwa ugusane na fremu, na wote uunganishwe ardhini. Lakini kelele ina njia ya pili inayosahaulika: nyaya za umeme wa nyumba. Kwenye nyumba ya kupanga yenye mita moja, mkoromo husafiri kwa nyaya hadi chumba cha mwisho na unaweza kuharibu televisheni au chaja. Kwa hiyo koili iwe na nondo yake ya ardhini, isitegemee waya wa ardhini wa nyumba, na transfoma inayoilisha ipate umeme kupitia kichujio cha mawimbi, kifaa kinachozuia kelele isiingie kwenye nyaya za nyumba.

Kujua kelele inapita njia ipi ni rahisi. Chukua redio ya betri, iweke AM mahali pasipo na kituo, kisha mwenzako awashe koili kwa sekunde chache huku ukitembea kuelekea mpakani. Mkoromo ukipungua kadiri unavyoiacha koili, shughulikia wavu. Ukiongezeka kila unapokaribia nyaya za umeme, tatizo liko kwenye kichujio.

Mlio wa cheche zenyewe ni suala jingine. Wavu hauuzuii hata kidogo. Washa mchana, kwa muda mfupi, na uwaarifu majirani mapema. Waulize pia kama kuna mwenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo, kwani huyo hatakiwi kuwa karibu koili ikiwaka.

Masafa ya redio husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) nchini Tanzania na Mamlaka ya Mawasiliano nchini Kenya. Jirani akikwambia redio yake inakoroma, zima kwanza, kisha mpime pamoja.