Kabla hujapiga Windows upya, angalia diski

"Fundi, imestaki tena. Nimeizimia ukutani."

Dada mwenye steshenari kule Nkuhungu, mteja wangu wa siku nyingi. Nafika nakuta foleni iko mlangoni na tayari kuna mtu kamshauri apige Windows upya. Hapa Dodoma kompyuta ikiganda, wa kwanza kulaumiwa ni vumbi, wa pili virusi. Vumbi letu nalijua, lakini vumbi hukaba feni, mashine ikapata joto, ikazima. Hii haikuwa inazima. Mshale wa mausi unatembea vizuri, ila ukibofya hujibiwi, na saa ya pale chini kulia imegoma kwenye 10:42.

Nilianza na Caps Lock. Taa yake inawaka na kuzimika, maana yake Windows ina uhai, kuna kitu inakisubiri. Nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nikatulia. Task Manager, dirisha linaloonyesha nini kinaitumia mashine, inaweza kuchukua dakika mbili kufunguka. Ukibofyabofya unairundikia kazi.

Wengi hutazama safu ya CPU, yaani kichakataji, wakikuta asilimia 6 wanasema mashine nzima. Tazama Disk. Yake ilisoma asilimia 100, huku data inayopita haifiki hata MB 2 kwa sekunde. Kama daladala ya Sabasaba inayosimama kila hatua kumi: dereva hapumziki, na safari haiendi.

Aliyeishika diski ni SearchIndexer, huduma ya Windows inayoorodhesha mafaili ili ukitafuta upate haraka. Kwa kawaida ina adabu, mtu akiwa kazini inapunguza kasi. Resource Monitor, chombo cha Windows kinachoonyesha faili gani linasomwa, ikanionyesha inahangaika na faili moja, Windows.edb, ndiyo daftari lake. Kila ombi lilichukua zaidi ya milisekunde 3,000, wakati diski ya kuzunguka yenye afya hujibu ndani ya makumi tu. Daftari limevimba kwa sababu dada hunakili kila flashi ya mteja, CV na vyeti vya skani kwa maelfu, kwenye folda moja.

Kibaya zaidi ni ile swichi ya ukutani. Umeme ukikatwa ghafla daftari hufungwa vibaya, kwa hiyo mashine ikiwaka huduma inaanza kwa kulikarabati, diski inazidiwa na kazi, mashine inaganda, anazima tena. Dawa yake ndiyo iliyokuwa inalisha ugonjwa.

Nikaingia Services, orodha ya huduma za Windows, nikasimamisha Windows Search, ambayo ndiyo huyo SearchIndexer. Haikupita dakika, saa ikaruka kutoka 10:42 hadi 11:05. Jioni, wateja wakiwa wameondoka, nikaiwasha tena, nikaiondoa ile folda kwenye Indexing Options, nikabofya Advanced kisha Rebuild, tukaiacha ijenge daftari jipya usiku kucha.

Ungesimamisha huduma na Disk ikabaki 100, ningekwambia uingie Event Viewer, kumbukumbu ya matukio ya Windows, upande wa System. Ukikuta tukio namba 7 kutoka kwa disk, diski ina sehemu mbovu. Hapo usirekebishe chochote, hamisha mafaili kwanza. Kwa dada sikulikuta, ila nilimwambia anunue SSD, diski isiyozunguka, yenye kasi zaidi. Akauliza bei, akacheka, akaita mteja anayefuata.