Alama za majaribio ya SAT zikigoma kupanda

Mpwa wangu alifanya majaribio manne ya SAT, mtihani wa kuombea vyuo vikuu vya Marekani: 1190, 1210, 1180, 1200. Baada ya la nne akafunga kompyuta akasema, “Mjomba, kichwa changu kimejaa.” Hakikuwa kimejaa.

Dhana: Alama zikisimama, uwezo wako umeishia hapo.
Namba zile nne ni kitu kimoja. Hata ripoti rasmi ya SAT huonyesha, kando ya alama yako, ukanda wa alama ambazo ungeweza kupata siku nyingine bila kujifunza wala kusahau kitu. Kwa hiyo 1180 baada ya 1210 si kuporomoka, na 1210 yenyewe haikuwa ya kuchinjia kuku.

Dhana: Dawa ni kufanya pepa nyingi zaidi.
Hii ndiyo inayokula muda wa watu kuliko zote. Nilimwambia anionyeshe hesabu alizokosa. Mojawapo: ikiwa 3x − 7 = 8, 6x ni ngapi? Kwenye karatasi alikuwa ameandika x = 5, safi kabisa, kisha akachagua 5, maana 5 ilikuwepo kwenye majibu. Mtunzi aliitega hapo makusudi. Katika majaribio mawili tulikuta makosa 7 ya namna hiyo. Hesabu anaijua, swali ndilo hakulimaliza.

Pepa ya tano isingemwonyesha hilo. Tukafungua daftari lenye safu tatu: swali, jibu nililochagua, kilichonivuta kulichagua. Safu ya tatu ndiyo yenye kazi, na ukiandika “uzembe” umejidanganya. Andika “nilipata x, nikasahau wanataka 6x”. Isitoshe, majaribio rasmi kamili ndani ya Bluebook, programu ya kufanyia SAT, ni machache. Ukiyarudia unakumbuka majibu, alama inapanda bure.

Dhana: Kosa ni kosa, popote lilipo.
SAT ilihamia kwenye kompyuta mwaka 2023 nje ya Marekani, na 2024 Marekani kwenyewe. Hesabu sasa ina moduli mbili, yaani sehemu mbili, kila moja maswali 22 kwa dakika 35. Ukifanya vizuri ya kwanza, unapewa ya pili iliyo ngumu. Ukiteleza, unapewa nyepesi, na huko hata ukipatia yote huzifikii alama za juu kabisa. Mpwa wangu alikuwa akijilaumu kwa maswali magumu ya mwisho, kumbe mlango ulishafungwa mapema, na zile x = 5 zake ndizo zilizoufunga. Tukaweka trigonometria kando kwa wiki mbili. Akawa anafanya maswali ya moduli ya kwanza tu, na kabla ya kugusa kikokotozi anaandika kinachoulizwa: “6x”.

Dhana: Usilolijua, liache wazi.
Hapana. Tangu 2016 SAT haikati alama kwa jibu la kosa. Jaza.

Dhana: Saa yoyote inafaa kwa jaribio, mradi ulifanye.
Yale manne aliyafanya saa tano usiku, baada ya shule na masomo ya ziada. La tano tulilipanga Jumamosi asubuhi. Alipomaliza sikuuliza alama kwanza. Niliuliza daftari limeongezeka mistari mingapi.

“Mitatu, mjomba. Na hakuna hata mmoja wa x.”