Unene ujanani: ni ukoo au ni chipsi mayai?

Nina miaka 24, naishi Igoma, Mwanza. Mama ni mnene, mashangazi wote wanene. Ndiyo nimeshaandikiwa?

Kuandikiwa, hapana. Kurithi, ndiyo, tena si kidogo: tafiti za mapacha zinaonyesha kuwa vinasaba vinachangia asilimia 40 hadi 70 ya tofauti za unene kati ya mtu na mtu. Lakini kinasaba kinachojulikana zaidi, FTO, kilichohusishwa na unene mwaka 2007, kila mtu anacho; katika tafiti za Ulaya aina yake inayonenepesha ilimwongezea aliyeirithi kwa baba na kwa mama wastani wa kilo 3 tu. Kazi yake kubwa ni kuchochea njaa na kuchelewesha shibe. Ndugu wawili wakipakuliwa sawasawa, mmoja anatosheka, mwenzake bado anachungulia sufuria. Asichekwe, njaa yake ni ya kweli.

Halafu ukoo haurithishani damu peke yake. Vijiko vinne vya sukari kwenye chai navyo mmefundishana nyumbani.

Mbona bibi kule Sengerema alikula ugali mkubwa na hakunenepa?

Bibi alilima muhogo kwa jembe, akateka maji, akaenda mnadani kwa miguu. Wewe unapanda boda hadi dukani, unakaa mpaka jioni, kisha unaagiza chipsi mayai. Hebu mwangalie muuzaji: viazi vimeshakaangwa tangu mchana, anavirudisha kwenye kikaango, anamimina mafuta mengine, ndipo anapiga mayai. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kilokalori 120 hivi. Ukishushia na soda ya mililita 350, umeongeza gramu 35 hivi za sukari, wakati Shirika la Afya Duniani linataka tubaki chini ya 50 kwa siku nzima, na ikiwezekana chini ya 25.

Ugali na sato wa mchemsho wanasingiziwa bure. Tatizo liko kwenye karai la mafuta.

Nitajuaje kama nimezidi?

Zidisha urefu wako wa mita kwa wenyewe, kisha gawa kilo zako kwa jibu hilo. Mwenye kilo 82 na mita 1.65 anapata 30, na huo ni unene wa kupindukia. Kuanzia 25 uzito umeshazidi. Pima na kiuno kwa futi ya fundi cherehani: mwanamke akivuka sentimita 80, mwanaume 94, hatari ya kisukari na presha inapanda.

Chai za kukata tumbo je?

Nyingi zinaharisha tu. Maji yanatoka, mafuta yanabaki palepale.

Aliyerithi akifanya mazoezi anapoteza muda?

Hapotezi. Kwa wenye aina hiyo ya FTO wanaoushughulisha mwili, athari yake hupungua kwa robo hivi. Lengo ni dakika 150 kwa wiki za kutembea haraka haraka, na Mwanza vilima ni vya bure: shuka daladala mapema, upande Isamilo au Bugando kwa miguu. Ila ukinenepa ghafla, hedhi ikivurugika, au ukikoroma hadi pumzi inakatika, nenda kituo cha afya upimwe kwanza. Huenda kuna ugonjwa wenye tiba yake.